Mgonjwa wa Sukari Juu ya Kichanja cha Kahawa

Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi, nawaomba jambo moja kabla hamjanisahau: mgonjwa wa sukari akiingia, mwambieni avue viatu. Salamu kwanza, bila shaka, tena shikamoo yenye kituo, si ile ya kurusha huku unaandika. Kisha viatu. Kisha soksi. Atakwambia soksi hazina shida. Mwambie azivue.

Hili nilifundishwa na Mama Tarsila, aliyekuwa mkuu wa wauguzi nilipoajiriwa kwenye kituo cha afya cha kanisa huku mlimani, juu ya Himo. Alikuwa mwanamke mfupi, Mkatoliki peke yake kati yetu Walutheri, na aliweza kusali rozari huku anahesabu vidonge asikosee upande wowote. Alisema, "Mdomo wa mgonjwa una adabu, utakwambia unachotaka kusikia. Mguu hauna adabu." Mungu amenipa neema ya kustaafu nikiwa na akili zangu zote na magoti yangu karibu yote, na katika miaka yote ile sikupata fundisho lililozidi hilo.

Tulipoanza hatukuwa na hivi vipimo vya kutoboa kidole. Tulikuwa na mkojo, dawa ya bluu na taa ya spiriti. Unachemsha kwenye kichupa cha kioo, unasubiri. Ikibaki bluu, unamshukuru Mungu. Ikiwa kijani, unauliza maswali. Ikigeuka rangi ya tofali, unamtafuta daktari. Wagonjwa hawakuiamini ile rangi. Waliamini sisimizi, kwa sababu wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mkojo unaokusanya sisimizi si mkojo wa mtu mzima wa afya. Mzee mmoja alitoka Mkuu, kule Rombo, akaja na sisimizi wake ndani ya kikopo cha maziwa. Nikamuuliza kwa nini asitumie wa hapa kwetu.

"Wa hapa siwajui, Sista," akasema.

Tukawamimina. Wakapita pembeni ya mkojo, wakapanda meza, wakaingia kwenye chai ya Mama Tarsila. Mzee akatangaza kwamba amepona. Rangi ya tofali ikasema hajapona. Mama Tarsila akasema yeye sasa hana chai. Tulibishana mpaka mchana.

Nawaambia haya ili mjue kwamba mgonjwa haji kwenu mtupu kama debe. Anakuja amejaa, na mnachomwaga juu yake kinachanganyika na kilichomo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Aikaeli na jua.

Mzee Aikaeli alikuwa mgonjwa wangu wa kliniki ya sukari kwa miaka mingi. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa ukaushaji kahawa kwenye chama cha msingi cha wakulima. Kwa asiyejua, kahawa yetu ikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye kichanja, yaani meza ndefu ya wavu iliyoinuliwa juu ya nguzo, upepo upite chini na jua lipige juu. Inageuzwa kwa reki ya mbao, inafunikwa nailoni mvua ikinusa, inafunikwa tena jua la mchana likiwa kali mno. Mzee Aikaeli aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu wa mtu wa madhabahuni. Akichukua punje akaiuma kwa jino moja, hakuna aliyembishia. Na kila Jumapili alipanda kwa miguu kwenda kanisani, kilima kizima, akikataa pikipiki na magari ya wakwe. Alisema aliyepewa miguu asimpelekee Mungu matairi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulipata daktari kijana, Daktari Baraka, mtoto mwenye heshima na kiatu kilichong'aa. Alipenda kuwafundisha wagonjwa, jambo jema. Siku moja ya mvua za vuli aliwakusanya wazee wa kliniki ya sukari kwenye ukumbi wetu wa kusubiria, ule wenye paa la bati lisilo na dari.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Leo nataka tuzungumze kuhusu vitamini D. Wataalamu wameona kwamba watu wengi wenye kisukari aina ya pili, hiki cha kwenu, wana vitamini D kidogo mwilini. Na vitamini D mwili hujitengenezea wenyewe, ngozi ikipigwa na jua. Lakini..."

Hapo mvua ikashuka.

Anayeijua mvua ya huku na bati letu hana haja ya maelezo. Daktari aliendelea kusema. Mikono yake ilikwenda huku na huku, mdomo ukafunguka na kufunga. Alichora kitu ubaoni ambacho kwa mbali kilifanana na kuku. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Kisha chai ikaletwa, na baada ya chai, mvua ikiwa bado inapiga, kila mmoja akachukua mwavuli wake akaenda nyumbani na nusu ya somo.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na daktari, kwa hiyo nusu ya pili niliisikia. Alisema kuonekana pamoja si kusababishana. Siku ya mvua utaona miavuli na matope kanisani kwa pamoja, wala mwavuli haukuleta matope, na ukiutupa mwavuli matope hayaondoki. Alisema mtu mnene, au anayekaa ndani siku nzima, anaweza kuwa na vitamini D kidogo na vilevile akawa na sukari, na wataalamu bado wanachunguza nani alimtangulia nani. Alisema jua la kiasi ni jema kwa mifupa, ila hakuna aliyethibitisha kwamba linaponya sukari, kwa hiyo mtu asithubutu kuacha dawa. Maneno mazuri kabisa. Yalisikiwa na mimi, daktari, na ubao.

Mvua zilipokwisha, jua la Januari likatoka, na mlima mzima ukaanza matibabu.

Huku kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba, na juu ya migomba ipo miti, na juu ya miti yapo mawingu. Jua ni kitu cha kutafutwa. Wazee kadhaa wa kliniki yangu walipanga pikapu ikawateremsha Himo, ambako jua halina mpinzani. Wakakaa kando ya barabara kwenye viti vyao, wamepanga mstari, kofia mapajani, macho yamefumbwa. Wapita njia wa Himo ni watu wa biashara, hawawezi kuona mstari wakauacha. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akasimama nyuma yao. Kijana akasimama nyuma ya mama. Kabla ya mchana mstari ulikuwa umefika kwenye maduka, na askari akaja kuuliza kinachogawiwa ni nini.

"Vitamini," akajibiwa na mzee wa mbele, bila kufumbua macho.

Askari, naambiwa, alitazama kushoto na kulia, kisha akapanga mstari.

Hapo ndipo pia yalipozuka mabishano kati ya wake na waume, na mkuu wa mabishano alikuwa Mama Elia, mke wa Mzee Aikaeli. Hoja yake ilikuwa ya jikoni. Ndizi ukiianika juani, inapungua sukari au inaongezeka? Inaongezeka. Embe je? Sasa mtu mwenye sukari ukimwanika, kwa akili gani atapungua utamu? Wanawake wengi wa mlimani walimuunga mkono, na Jumapili baada ya ibada uwanja wa kanisa uligawanyika, wa jua upande huu, wa kivuli upande ule. Mchungaji aliombwa atoe neno. Akasema Bwana huwaangazia jua lake waovu na wema, akaingia ndani haraka.

Nilicheka, siwafichi. Nikaacha kucheka Mzee Aikaeli alipokosa kliniki. Hakuwahi kukosa. Zamu iliyofuata akakosa tena, na Jumapili hakuonekana kanisani. Nikachukua kipimo changu, nikapanda kwake.

Mama Elia alinipokea kwenye ua, reki ya mbao mkononi.

"Karibu, Sista. Umekuja kumwona?"

"Nimekuja. Anaumwa?"

"Anakauka," akasema.

Mzee Aikaeli alikuwa amelala chali juu ya kichanja cha kahawa, nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa amekata matawi ili jua lishuke vizuri. Amevaa kaptura na tai ya kanisa. Ubavuni kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, nacho kimeanikwa, kwa maelezo kwamba mbege iliyopigwa jua haina madhara. Chini ya miguu yake palikuwa na kipande cha bati jipya. Alikuwa amelinunua Moshi mjini kwa Bwana Harjit, Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alimuuliza, "Mzee, unaezeka nini?" akajibiwa, "Miguu." Bati, alinieleza Mzee Aikaeli kwa utulivu, hurudisha jua, hivyo miguu inapata mara mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Usisimame hapo, unanitia kivuli."

"Dawa unameza?"

"Dawa na jua vinagombana. Nimechagua kimoja."

"Geuka, Baba Elia," akasema mkewe, akiinua reki.

"Bado. Upande huu haujaiva."

"Umesikia, Sista? Kuiva. Mwenyewe anasema kuiva. Kitu kinachoiva kinakuwa na nini? Sukari."

"Mama Elia, wewe shughulika na kuku."

Nikamtazama kuku. Alikuwa amerukia mwisho wa kichanja, kuku mweupe mwenye haraka, na alikuwa anadonoa kisigino cha Mzee Aikaeli. Anadonoa, anatazama pembeni, anadonoa tena. Mzee aliendelea kunieleza habari za upepo wa chini na jua la juu, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza kwaya.

Vijana wangu, mimi nimeona mengi, lakini mwili wangu ulipoa palepale juani. Nilimfukuza kuku, nikainama. Kisigino kilikuwa kimeungua na bati, lengelenge limepasuka, nyama iko wazi, na kidole kidogo kimeanza kubadilika rangi. Yeye hakuwa na habari. Sukari ilikuwa imeua hisia za miguu yake siku nyingi, polepole, bila kelele. Mguu wa namna hiyo ukichelewa, haurudi. Nilikuwa nimewasindikiza wengi mpaka chumba cha upasuaji, nikawapokea wakiwa na mmoja.

"Mzee, mguu wako una kidonda. Twende hospitali leo."

"Hauumi."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Sista, nimeishi miaka yote hii nikiumwa mkaniambia ni shida. Leo siumwi mnaniambia ni shida."

Nikatoa kipimo, nikamtoboa kidole. Kipimo kikafikiri, kikakataa kutaja namba. Maana yake ni kwamba sukari imepanda kupita uwezo wake wa kuhesabu. Mzee Aikaeli akainua kichwa kidogo.

"Kimesemaje?"

"Kimeshindwa kusoma."

Akarudisha kichwa chini, akatabasamu. "Mama Elia, haionekani. Imekwisha."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kichagga, nikataja miavuli na matope. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipa jibu ambalo alikuwa amewapa wakulima maisha yake yote: "Kahawa haiteremshwi kabla haijakauka." Nikamwomba nifunge kidonda, akakubali, kwa sharti kwamba nisizuie jua. Niliteremka nyumbani nikiwa nimeshindwa.

Jioni ile nilisali. Sikuomba maneno, maana maneno nilikuwa nayo tele na hayakufaa kitu. Niliomba mlango. Asubuhi nilipotoka kufagia, macho yangu yakaangukia mpaka wa shamba, kwenye masale. Mnayajua masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kwenye mipaka. Kwa Wachagga jani la sale si la mpaka tu. Ukimkosea mtu ukamjia na sale mkononi, hana ruhusa ya kukukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Mchungaji wetu alizoea kusema sale ni jani tu, ila msamaha ni amri, na mimi naona vyote viwili vinakaa vizuri kapu moja. Na kuna jambo jingine: sale halipokelewi na mtu aliyelala.

Nikakata jani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikapanda. Njiani nilimpitia Daktari Baraka, nikamwambia aje na gari mpaka barabara ya chini, asiulize maswali.

Mzee Aikaeli alikuwa tayari juu ya kichanja, upande wa pili sasa, tumbo chini. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mbe," nikamwita kwa Kichagga, kama tunavyomwita mwanamume kwa heshima. "Nimekuja kuomba msamaha."

Akageuza shingo, akaliona jani. Mama Elia akaweka reki chini.

"Umenikosea nini, Sista?"

"Nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya mvua."

"Mvua ni ya Mungu. Wewe utaiombeaje msamaha?"

"Mvua ni ya Mungu. Bati ni la kliniki."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, jambo la bati lilimwingia.

"Bati lilifanya nini?"

"Daktari alisema watu wa sukari wana vitamini D kidogo, na vitamini D inatokana na jua, akasema 'lakini'. Bati letu likaimeza ile 'lakini' na yote yaliyofuata. Tukawaruhusu mwende nyumbani na nusu. Ni kama tungempa mkulima kahawa iliyoanikwa upande mmoja, tukamwambia apeleke mnadani."

Hilo la kahawa lilimkalisha. Kweli, alikaa. "Upande mmoja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mzoga. "Itaoza kwenye gunia."

"Itaoza."

"Baba Elia," mkewe akasema taratibu, "mtu amesimama na sale."

Akateremsha miguu, akashuka kichanjani, akasimama mbele yangu na tai yake, akapokea jani kwa mikono miwili. Aliposimama ndipo mwenyewe alipotazama chini, akaona alama ambazo mguu wake ulikuwa unaziacha kwenye udongo. Akamtazama mkewe.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako," Mama Elia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakutaja ndizi.

Kumtembeza mpaka barabarani hakukufaa kwa mguu ule. Majirani wakang'oa fremu ya kichanja kwenye nguzo zake, wakamlaza juu, wakambeba mabegani. Manyunyu yakaanza katikati ya njia, na Mama Elia, bila kuambiwa, akamfunika nailoni. Watu tuliopishana nao walivua kofia wakidhani ni maiti, mpaka maiti ilipowaambia wasimame vizuri, wanatia kivuli.

Tulimshukuru Mungu. Kisigino kilipona. Kidole kidogo kiliondolewa, mguu ukabaki. Madaktari wa mjini walisema angekaa siku chache zaidi juani, wangekata chini ya goti. Alirudi kwenye vidonge vyake, na asubuhi huota jua kidogo, amevaa viatu, kwenye kiti. Mbege aliiacha kwa machozi.

Vuli iliyofuata nilikuwa nimeshastaafu. Daktari Baraka akanialika kwenye somo, nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, pale ninapostahili sasa. Ukumbi uleule, bati lilelile. Akaanza upya: watu wa sukari, vitamini D, ngozi na jua. Akafika mahali pake, akafungua mdomo kusema "lakini", na mlima, kana kwamba ulikuwa unamsubiri, ukamwaga mvua.

Wazee wakatafuta miavuli. Chai ikaonekana mlangoni.

Mzee Aikaeli akasimama. Alikuwa amevaa kiatu kimoja kilichokatwa ubavuni kwa ajili ya bendeji, kingine cha kawaida. Alitembea, miguu yake yote miwili, mpaka mlangoni, akampokea mama wa chai birika, akaliweka sakafuni nyuma yake, akaegemeza mgongo kwenye mlango. Hakusema neno, maana lisingesikika. Akainua kidole kimoja tu.

Tukakaa. Mvua ikapiga. Daktari alisimama mbele yetu, mdomo nusu wazi, akilishikilia neno lake. Birika likapoa. Hakuna aliyetoka. Ilipokwisha, ikabaki michirizi tu kwenye ukingo wa bati, Mzee Aikaeli akaushusha mkono.

"Sema, daktari," akasema. "Lakini nini?"